Kiasi Kibovu cha Bunduki

Huko Marekani wawindaji wengi hujijazia viasi vya bunduki nyumbani: ganda la shaba lililokwisha kutumika hutiwa fataki mpya, baruti na risasi. Mwenye kujifunza kazi hii hana budi atakosea.

Akivuta mtambo na bunduki isilie, asiifungue upesi, maana pengine moto unatambaa polepole ndani. Na auelekeze mdomo wa bunduki mahali pasipo mtu, angoje nusu dakika nzima.

Lakini la kuogopwa zaidi ni mlio mdogo, kama kizibo kitokacho chupani. Yamkini baruti ilisahauliwa, na fataki peke yake imeisukuma risasi ikakwama ndani ya kasiba. Akipiga kiasi cha pili, kasiba yaweza kupasuka mikononi mwake. Basi aviondoe viasi vyote bundukini, kisha atazame toka nyuma kama mwanga wapita.

Vibovu visitupwe motoni, wala fataki iliyochomoza isikandamizwe hali baruti imo. Iko nyundo yenye tundu: kiasi hushikwa humo, na nyundo igongwapo juu ya gogo, risasi huchomoka, baruti ikamwagika humo humo. Mwanafunzi akishuku kwamba kimoja katika hamsini hakikupata baruti, huona uvivu kuvibomoa. Mimi mwalimu nawajua wanafunzi. Na avibomoe vyote hamsini.