Kutoka Mlangoni Hadi Dampo: Wajibu wa Mwenye Taka na Mzoaji Mwenye Kibali katika Miji ya Ukanda wa Dhahabu



1. Utangulizi

Katika semina hii nimepangiwa kueleza namna mwenye nyumba au mfanyabiashara anavyopaswa kumpata na kumtumia mzoaji taka mwenye kibali. Nitaeleza hayo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mada nimeitengea jambo ambalo limenisumbua kwa miaka mingi ya kazi: taka ikishapakiwa, inakwenda wapi?

Shinyanga, Kahama, Ushirombo, Katoro na Geita ni miji inayokua kwa mwendo wa dhahabu. Rashi ya dhahabu ikizuka, nyumba za wageni, gereji, baa na vibanda vya mama lishe huota ndani ya msimu mmoja. Bajeti ya usafi hupangwa mara moja kwa mwaka. Pengo hilo ndilo linalotuleta hapa.

2. Maana ya maneno

Taka ngumu ni mabaki ya nyumbani, sokoni, dukani na ofisini. Taka hatarishi ni zile zenye sumu, zinazolipuka, zinazounguza au zinazoambukiza. Mzabuni ni kampuni au kikundi kilichopewa eneo na halmashauri kwa mkataba. Dampo ni eneo lililotengwa rasmi kwa kutupa taka. Haya wote tunayafahamu, hivyo naendelea.

3. Sheria kwa ufupi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kusimamia taka ngumu, na inasimama juu ya msingi kwamba mchafuzi hulipa. Kanuni za taka ngumu za mwaka 2009 zinamtaka anayekusanya au kusafirisha taka awe na kibali cha halmashauri. Taka hatarishi zina kanuni zake, na kibali chake hutolewa ngazi ya taifa. Mzabuni wa mtaa, hata awe mwaminifu namna gani, haruhusiwi kuzibeba kwa kibali cha halmashauri.

4. Kumtambua mzoaji halali

Mwenye taka aombe kuona kibali chenye mwaka na eneo husika, pamoja na leseni ya biashara. Aangalie kama gari lina turubai na wafanyakazi wana glovu na buti. Akubaliane na mzoaji siku za kuzoa, na alipe ada ya sheria ndogo kwa namba ya malipo ya serikali au kwa stakabadhi ya mashine. Kisha aulize swali ambalo karibu kila mtu huliacha: mzigo wangu unashushwa wapi?

5. Tatizo lenyewe: mzigo unaopotea njiani

*5.1 Bei nafuu inatoka wapi*

Mwenye gereji akiwa na mzigo wa matairi na takataka nyingine za kawaida, husimamisha toyo (pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu), wakapatana, na saa hiyohiyo uani panabaki peupe. Mzabuni mwenye kibali angemtoza zaidi, naye angelalamika kuwa anaonewa. Tuangalie bei hizo zimejengwa na nini. Mzabuni analipa kodi, dereva, vibarua, matengenezo ya gari, na mafuta ya kwenda dampo nje ya mji na kurudi. Mwenye toyo anaishia kwenye korongo la kwanza giza likiingia. Nafuu aliyopata mteja ni ile safari ambayo haikufanyika. Gharama yake imehamishiwa kwa jirani wa bondeni.

Kwa heshima zote, sisemi kwamba vijana wa toyo ni adui. Wanafika kwenye vichochoro ambavyo lori haliingii, na bila wao mitaa mingi isiyopimwa isingezolewa kabisa. Wanachokosa ni mahali pa karibu pa kushusha na mtu wa kuwauliza.

*5.2 Maduara yaliyoachwa*

Mikoa mingine taka huishia mtoni au barabarani, zikaonekana, watu wakalalamika. Huku kwetu tuna mashimo. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, likishaisha mali huachwa wazi, nalo linameza magari na magari ya taka bila kelele. Wengine huona hilo ni jambo jema: shimo limezibwa na taka zimetoweka.

Ndugu Mwenyekiti, taka haitoweki. Maduara ya eneo moja mara nyingi yameunganishwa chini kwa njia za wachimbaji, na mengi yamechimbwa hadi kwenye maji. Mvua zikianza Novemba, maji hupita katikati ya taka, yakabeba uchafu hadi kwenye visima vya vijiji ambavyo havijafikiwa na bomba la Ziwa Viktoria. Mji unakunywa maji ya bomba, na kijiji cha pembeni kinakunywa kilichochujwa na taka za mji. Tena mchimbaji mdogo hurudia eneo la zamani bei ya dhahabu inapopanda. Siku moja atashuka kwenye shimo lenye sindano za zahanati.

*5.3 Taka za uchenjuaji ndani ya gari la taka za nyumbani*

Kwenye miji yetu, makarasha (mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu) na mialo (sehemu za kuoshea mchanga wa dhahabu) viko karibu na makazi. Kwa hiyo toyo inayobeba maganda ya ndizi asubuhi inaweza kubeba mapipa ya sianidi mchana. Mapipa hayo huuzwa kwa wauza vyuma chakavu, na mengine nimeyakuta yanahifadhi maji. Chombo kilichobeba sianidi hakifai tena kwa maji wala chakula, hata kikisuguliwa kwa sabuni.

Sianidi huvunjika taratibu ikipata jua na hewa. Zebaki haivunjiki. Ni elementi: haiozi, haiungui ikaisha, na ikichomwa inageuka mvuke unaovutwa na aliye karibu. Ikifika majini, vijidudu huigeuza kuwa aina inayojikusanya ndani ya samaki. Hali huwa mbaya zaidi pale marudio (mabaki ya mchanga) ya mialo yaliyokwishaguswa na zebaki yanapouzwa kwa wenye matangi ya sianidi, kwa sababu sianidi huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, na zebaki iliyoyeyuka husafiri na maji kirahisi. Mji wa Minamata, Japani, ulijifunza kwa uchungu mwaka 1956, pale wagonjwa wa kwanza wa sumu ya zebaki waliyoipata kupitia samaki walipotambuliwa rasmi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Hatuwezi kuwa tumeridhia mkataba huo huku mabaki ya zebaki yakipakiwa pamoja na taka za jikoni.

*5.4 Tulichokwishajaribu*

Tumefanya operesheni za kukamata toyo. Zinakamatwa, faini inalipwa, na wiki inayofuata ziko barabarani, kwa kuwa aliyeziita bado anaziita. Tumeweka mabango ya "Usitupe taka hapa". Taka zimesogea hatua chache kutoka bangoni. Tumebadilisha wazabuni, lakini mkataba wa mwaka mmoja haumpi mzabuni dhamana ya kukopea gari.

Historia ilishatuonya. Mwaka 1994 Jiji la Dar es Salaam lilikabidhi uzoaji wa kata za katikati ya mji kwa kampuni binafsi, Multinet Africa. Wateja wengi hawakulipa ada, mapato hayakutosheleza gharama, na baadaye maeneo yaligawanywa kwa kampuni na vikundi vingi. Fundisho ni kwamba mzoaji asiyelipwa hafiki dampo. Na mimi naongeza: mzoaji anayelipwa bila kuulizwa, naye hafiki.

*5.5 Karatasi tunayo kwa dhahabu, hatuna kwa taka*

Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, wengi walisema wachimbaji wadogo hawatawezana na karatasi. Leo mchimbaji anajua kwamba gramu zake lazima zipimwe, ziandikwe na zilipiwe mrabaha, na kwamba akikamatwa nazo njiani bila nyaraka atakuwa na maelezo ya kutoa. Tumeweza kufuatilia kitu kinachoenea kwenye kiganja. Tunawezaje kushindwa kufuatilia lori?

Kanuni za taka hatarishi tayari zinataka mzigo usafiri na hati inayoonyesha ulikotoka, aliyeubeba na ulikopokelewa. Kwa taka za kawaida inatosha stakabadhi fupi ya dampo: tarehe, namba ya chombo, mtaa, na sahihi ya mlinzi wa dampo. Pendekezo hili nimeliandika katika taarifa za robo mwaka zaidi ya mara moja, na jibu limekuwa kwamba linafanyiwa kazi. Naamini hivyo, na ndiyo maana nalirudia mbele yenu.

6. Mapendekezo

*Kwa mwenye taka wa nyumbani na biashara*

1. Asimpe mtu yeyote taka kabla ya kuona kibali cha mwaka huu.
2. Wafanyabiashara walipe kwa awamu mbili: nusu mzigo ukipakiwa, nusu stakabadhi ya dampo ikiletwa.
3. Betri, oili chafu, taa za tyubu na makopo ya kemikali viwekwe kando, visichanganywe na taka za jikoni.
4. Ada ilipwe kwa wakati. Anayekwepa ada anamnunulia jirani yake uchafu.

*Kwa halmashauri*

5. Stakabadhi ya dampo ianze kutumika, hata kwa kitabu cha karatasi.
6. Malipo ya mzabuni yafungamanishwe na stakabadhi hizo, pamoja na idadi ya nyumba alizohudumia.
7. Mikataba iwe ya miaka mitatu au zaidi, ili mzabuni akopesheke.
8. Vijana wa toyo wasajiliwe katika vikundi, wapewe namba na mitaa, na waunganishwe na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri.
9. Maguba (vituo vya kukusanyia taka) yawekwe karibu na vichochoro, toyo zishushe hapo na lori limalizie safari.
10. Maduara yaliyoachwa yaorodheshwe na kuzungushiwa uzio. Yasitumike kama dampo kwa kisingizio cha kuyaziba.
11. Sheria ndogo zimtoze faini aliyeita mzoaji asiye na kibali, si dereva peke yake.

*Kwa wachenjuaji na zahanati*

12. Mapipa ya sianidi yasafishiwe ndani ya eneo la uchenjuaji, yatobolewe na yakabidhiwe kwa mwenye kibali cha taka hatarishi. Yasiuzwe.
13. Marudio yenye zebaki yasipelekwe kwenye matangi ya sianidi wala kumwagwa nje ya eneo lililojengewa.
14. Maboksi salama ya sindano yapelekwe kwenye tanuri la kuchomea, yasipewe toyo.

*Kwa watendaji na wenyeviti wa mitaa*

15. Orodha ya wazoaji wenye vibali ibandikwe ofisi ya mtaa na kusomwa katika mikutano ya hadhara.
16. Nakala za stakabadhi za dampo zikaguliwe kila mwezi. Nasisitiza tena: bila stakabadhi ya dampo, mengine yote niliyopendekeza yatabaki maneno.

7. Hitimisho

Kibali kinatuambia nani ameruhusiwa kubeba taka. Hakituambii kama amezifikisha. Mpaka sasa tumesimamia nusu ya kwanza ya kazi, na nusu ya pili tumewaachia watu wasiokuwapo kwenye mkutano huu: wachota maji wa visima vya kijijini na wachimbaji watakaoshuka kwenye maduara ya zamani.

Naomba azimio la kwanza la semina hii liwe tarehe ya kuanza stakabadhi ya dampo katika kila halmashauri iliyowakilishwa hapa, na cheo cha mtu atakayewajibika kwa utekelezaji wake. Vitabu vya stakabadhi vinachapwa hapahapa mjini, na mlinzi wa dampo anaweza kufundishwa kuvijaza kwa siku moja.