Kushukuru si kunyamaza
(Neno lililotolewa kwa wanachama waliorudi Omate)



Munanijua: kazi yangu ni kuandika majina, mbegu na manjanja. Mimi si mhubiri. Naomba dakika kidogo tu.

Machi 2025, vita ilipofika Walikale-Centre, wengi wetu tulikimbilia pori. Wakati wa kurudi, mama mmoja alikuta nyumba haina mlango wala sufuria. Jioni akaketi na watoto, akamshukuru Mungu kwa mihogo iliyobaki shambani. Mimi nilikasirika moyoni. Nikamuuliza: anashukuru nini? Akanijibu: "Mwanangu, siwashukurie wezi. Nashukuru kwa sababu Mungu hakuondoka pamoja nao."

Paulo aliwaandikia Watesalonike washukuru katika mambo yote. Hakusema tuite mabaya kuwa mazuri. Kule Filipi, yeye na Sila walimwimbia Mungu gerezani usiku, migongo ikiwa na vidonda. Kulipokucha, Paulo alidai haki yake mbele ya wakubwa. Sifa na madai vilitoka kinywa kimoja.

Basi tufanye hivi kila siku. Asubuhi, kabla ya kushika jembe, sema aksanti kwa Mungu. Jioni, taja jambo moja jema watoto wasikie. Kisha njoo kwenye kikao, useme kilichopotea, tukiandike.

Na ninyi wafadhili wetu, aksanti kwa mbegu. Mukisikia tunaimba, musifikiri mahitaji yamekwisha.

Mungu atubariki wote. Amina.