Uhuru wa Kuabudu na Uhuru wa Kuondoka: Funzo la Misheni ya Karema

Mwaka 1885 yalitokea mambo mawili ambayo, yakitazamwa kwa pamoja, yanafafanua asili ya uhuru wa dini katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. La kwanza ni kutiwa saini kwa Mkataba wa Berlin, tarehe 26 Februari, ambao kifungu chake cha 6 kiliwaahidi wenyeji na wageni uhuru wa dhamiri, yaani haki ya mtu kuamini au kutoamini kama nafsi yake inavyomwelekeza, katika ukanda wote wa biashara huria uliotoka bonde la Kongo, ukavuka Ziwa Tanganyika na kufika Bahari ya Hindi. La pili ni kukabidhiwa kwa kituo cha Karema, kilichoanzishwa mwaka 1879 na Kapteni Ernest Cambier kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mikononi mwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki lililoundwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba uhuru wa dini haupimwi kwa ahadi za mikataba wala kwa wema wa viongozi wa dini, bali kwa uwezo wa muumini kuliacha kundi lake pasipo kupoteza shamba, ulinzi na jamaa.

Kipimo hicho kilijitokeza mapema zaidi huko Marekani. Wapuritani, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa Kanisa la Anglikana, walianzisha koloni la Massachusetts Bay mwaka 1630 baada ya kubanwa kwao, lakini kuanzia 1631 waliwapa haki ya kupiga kura wanaume waliokubaliwa kanisani peke yao. Roger Williams, aliyekana kwamba serikali ina mamlaka juu ya dhamiri, alihukumiwa kufukuzwa mwaka 1635, na Mary Dyer, muumini wa kundi la Quakers, alinyongwa mjini Boston mwaka 1660. Williams alinusurika na kuanzisha Providence mwaka 1636 kwa sababu wenyeji wa kabila la Narragansett walimpa ardhi, na bila ardhi ile msimamo wake usingekuwa na pa kusimama.

Ukanda wa Karema nao haukuwa mtupu kidini. Wabende, Wapimbwe na majirani zao walitambika kwa mizimu, na hadi leo kando ya Ziwa Katavi upo mkwaju unaoheshimiwa kuwa makao ya mzimu Katabi, ambapo watu huacha sadaka. Uislamu nao ulikuwa umefika ziwani pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji. Kwa kuwa matambiko yalifungamana na ukoo na ardhi, kuyaacha kulimaanisha kujitenga na jamaa, kwa hiyo si sahihi kudhani kwamba kabla ya wamisionari kila mtu alijichagulia imani.

Misheni iliwapokea watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, ikawalea, ikawafundisha, kisha ikawaozesha na kuwapa makazi na mashamba jirani na kanisa. Katika miaka ambayo uvamizi wa kukamata watumwa ulikuwa tishio la kila siku, ulinzi huo uliokoa maisha, na haki inadai jambo hilo litamkwe wazi. Aidha, Lavigerie aliagiza mafundisho ya miaka minne kabla ya ubatizo, utaratibu uliompa mwanafunzi muda wa kuipima imani na hata kuikataa. Hata hivyo, yatima aliyekulia misheni, asiye na ukoo mwingine wala shamba jingine, alikuwa na uhuru wa dhamiri katika Mkataba wa Berlin lakini hakuwa na mahali pa kuutumia.

Maisha ya Adriano Atiman yanaonyesha pande zote mbili za suala hili. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta na kufika Karema mwaka 1889, ambako alikuwa tabibu na katekista, yaani mwalimu wa dini, hadi alipofariki mwaka 1956. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Kibende, na mwana wao Joseph alipewa upadre mwaka 1923. Ndoa hiyo ilimpa mgeni huyu jamaa nje ya ua wa misheni, na utabibu ulimpa heshima kwa watu wa imani zote, hivyo utumishi wake wa zaidi ya miaka 60 unaweza kusomwa kama hiari ya mtu mzima.

Milango ya kuondoka iliongezeka polepole. Hati ya udhamini ya mwaka 1922, iliyoiweka Tanganyika chini ya Uingereza, iliitaka ilinde uhuru wa dhamiri; mgodi wa risasi na reli iliyofika Mpanda mwaka 1950 vilileta ajira zisizotegemea kanisa lolote; na wakimbizi wa Burundi waliopokewa Katumba na Mishamo katika miaka ya 1970 waliongeza idadi ya madhehebu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 sasa inafanya dini kuwa hiari ya mtu binafsi. Wajibu wa viongozi wa dini, wazazi na serikali za vijiji ni kuhakikisha kwamba anayebadili imani, au anayebaki na mizimu ya wazee wake, haondolewi shambani, hanyimwi matibabu wala hatengwi msibani, kwa sababu palipo na adhabu ya kuondoka, hata ibada ya wanaobaki haiwezi kuitwa hiari.