Mfumo Unapogoma Kuingia: Utaratibu wa Kusaka Hitilafu kwenye Kompyuta za Kuunganishwa na Fundi

Mada kwa semina ya mafundi kompyuta

1. Utangulizi

Kompyuta inayotoka kiwandani ikiwa kamili imeshajaribiwa vipuri vyake vyote kwa pamoja. Ile tunayoiunganisha wenyewe, ubao mama wa duka hili na RAM ya duka lile, haijajaribiwa na yeyote. Mtihani wake wa kwanza ni siku tunapoiwekea mfumo endeshi. Kwa hiyo mfumo ukigoma kuingia, tusikimbilie kuilaumu Windows au Ubuntu, wala tusipige upya tukibahatisha. Tuanze na vipuri, twende kwenye flashi, ndipo tufike kwenye BIOS na diski. Na kila mara tubadilishe kitu kimoja tu.

2. Vipuri

Feni zikizunguka na kioo kikabaki cheusi, tazama taa ndogo za ubao mama. Bodi nyingi za sasa zina taa nne: ya prosesa, ya RAM, ya kadi ya picha na ya diski ya kuwashia. Inayobaki ikiwaka ndiyo hatua iliyokwama. Kumbuka pia kwamba prosesa za Intel zenye herufi F, kama Core i5-12400F, hazitoi picha zenyewe. Waya wa kioo lazima uchomekwe kwenye kadi ya picha.

RAM ndiyo inayotupotezea muda zaidi. Yenye kasoro huweza kuiacha mashine iwake na BIOS ifunguke vizuri, kisha kazi ikafia njiani kwa madai kwamba faili limeharibika. Sababu ni kwamba mafaili ya mfumo huja yamebanwa, na hufumuliwa yakipitia kwenye RAM. Biti moja ikigeuka, uhakiki unakataa. Ukirudia na ikakwama mahali tofauti, ishuku RAM. Ikikwama palepale kila mara, ishuku flashi kwanza.

RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3600 imevuka kiwango rasmi cha 3200, na hufikia kasi hiyo kwa mpangilio wa XMP. Zima XMP, bakiza kipande kimoja, kisha endesha Memtest86+ mzunguko mzima kabla ya kuhukumu.

3. Flashi

Fomati ya FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, na faili kuu la Windows mara nyingi huzidi hapo. Usinakili kwa mkono. Tumia programu kama Rufus. Kama intaneti ilikatikakatika wakati wa kupakua, linganisha namba ya SHA256 na ile iliyotolewa na watengenezaji.

4. BIOS na diski

Windows ikiwashwa kwa UEFI huikataa diski iliyogawanywa kwa MBR, inataka GPT. Tatizo hili ni la kawaida kwa diski iliyotoka kwenye mashine ya zamani. Amri ya "clean" ndani ya diskpart, kisha "convert gpt", huliondoa, lakini hufuta kila kilichomo. Muulize mteja kwanza, na unakili mali yake pembeni.

SSD ikionekana kwenye BIOS lakini isionekane wakati wa kuweka Windows, na prosesa ni Intel ya kizazi cha 11 au baadaye, angalia VMD. Izime, au weka draiva ya Intel RST kwenye flashi na uipakie hapo hapo.

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wateja wengi wanataka Windows 11, ambayo hudai TPM 2.0. Ikikataa, usitangaze kwamba bodi haifai. Fungua BIOS utafute PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD. Huenda imezimwa tu.

5. Mapendekezo

Kila mashine iwe na ukurasa wake kwenye daftari la karakana: ujumbe wa hitilafu uandikwe neno kwa neno, kisha kilichobadilishwa na matokeo yake. Kipuri kisitangazwe kibovu mpaka kijaribiwe kwenye mashine nyingine iliyo nzima. Mteja anayelipia SSD mpya wakati tatizo lilikuwa mpangilio wa BIOS ametozwa gharama ya haraka yetu, na hilo tunaweza kulikomesha kwa kufuata utaratibu.