Mchai na Utunzaji Wake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka)



Tumeombwa tuseme machache juu ya mchai. Wengi wetu tuko mjini kwa ajili ya kazi, na michai yetu iko nyumbani mikononi mwa wake zetu na wazee wetu. Basi yafaa tuijue kazi ile, ili tusiwe watu wa kuuliza habari za fedha tu.

Mchai ulipandwa Limuru mwaka 1903. Kwa miaka mingi Mwafrika aliuchuma katika mashamba ya wengine bila kuwa na wake. Mwaka 1957 kiwanda cha Ragati, wilaya ya Nyeri, kilifunguliwa kwa ajili ya majani ya wakulima wadogo, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA. Haki iliyochelewa namna hiyo yatupasa kuitunza vema.

Kwanza, ardhi. Mchai hupenda nchi ya juu yenye baridi kidogo, mvua isiyopungua milimita 1,200 kwa mwaka, na udongo wenye asidi. Jivu ni adui yake. Mahali palipokuwa na boma la zamani, jivu la meko huharibu udongo kwa miaka mingi, na michai hapo hudhoofika, hata ikafa. Kadhalika, visiki vya miti ya msitu huambukiza ugonjwa wa kuoza mizizi. Kwa hiyo mti huambuliwa gome kuzunguka shina, ukaachwa ukauke, ndipo ukang'olewa pamoja na mizizi yake.

Pili, kupanda. Huchukuliwa kipande kifupi cha tawi chenye jani moja, kikatiwa kitalu chini ya kivuli, kikatunzwa karibu mwaka mzima. Mvua ya masika ikianza, miche huhamishiwa shambani, nafasi ya futi 4 kati ya mistari na futi 2 na nusu kati ya miche. Eka moja huingia miche zaidi ya 4,300.

Tatu, kupogoa. Mchai ukiachwa huwa mti mrefu wenye maua mengi na majani machache ya kuchuma. Kwa hiyo hukatwa uwe mfupi na mpana kama meza, na kila baada ya miaka mitatu au minne hupogolewa tena. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana mchai uliopogolewa hautoi majani kwa miezi kadhaa. Mwenye busara hugawa shamba lake mafungu, akapogoa fungu moja kila mwaka, ili jiko lisikose moto.

Nne, kuchuma. Yatakiwa majani mawili na chipukizi, kila baada ya siku 7 hadi 14. Majani yasishindiliwe kikapuni, maana hupata moto na kuharibika. Nayo yafike kiwandani siku ile ile.

Sasa, ndugu zetu, tutazame kazi hii ni ya nani. Mara nyingi anayeamka alfajiri na kubeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia ni mama wa nyumba, lakini jina lililoandikwa kiwandani ni la bwana aliye mjini. Malipo ya kila mwezi huja, na bonasi ya mwaka huja, naye aliyechuma huenda asijue hata kiasi chake. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Si haki mmoja achume juani na mwingine peke yake alie kivulini.

Kwa hiyo Halmashauri yawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, hesabu ya majani na bonasi isomwe mbele ya mke na mume pamoja. Pili, mwaka wa kupogoa, aliye mjini apeleke nyumbani fedha za kuziba pengo. Tatu, mtoto asizuiwe kwenda shule kwa sababu ya siku ya kuchuma.

Mchai ukitunzwa huishi zaidi ya miaka 50. Tuupandao leo utachumwa na wajukuu, nao watajifunza kwetu jinsi ya kuugawana.