Kichwa Kuuma Baada ya Sindano ya Mgongo

 Leo tunazungumza na walezi wa Kibiti, Ikwiriri, Nyamisati na vijiji vyote vya delta.

Mtoto akishukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo, daktari humchoma sindano mgongoni na kuchukua maji kidogo ya kupima. Kipimo hiki huokoa maisha, msikikatae. Ila mara nyingine maji huendelea kuvuja kwenye tundu la sindano, shinikizo lake hushuka, na kichwa huuma. 

Utayatambuaje maumivu haya? Mtoto akikaa au akisimama kichwa kinauma, akilala kinapoa. Asiyejua kusema hulia akiinuliwa, hutulia akilazwa. Kwa kawaida huanza ndani ya siku 5, na mara nyingi huisha ndani ya wiki 2.

Mpumzishe, mnyweshe vizuri, mpe parasetamo kwa kipimo alichoelekeza mhudumu wa afya. Aspirini asipewe. Maumivu yasipopungua, mrudishe hospitali: kwenye hospitali kubwa, mtaalamu wa usingizi anaweza kuliziba tundu kwa damu ya mtoto mwenyewe.

Lakini ukiona homa na shingo kukakamaa, degedege, kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida, miguu kukosa nguvu, au kichwa kinauma hata amelala, hiyo ni dharura. Wenzetu wa visiwani, tafuteni boti saa hiyohiyo. Mwambieni mhudumu siku aliyochomwa sindano.