Kabla ya Kulipia Safari ya Mlimani



Kikundi kinachokusudia kupanda Kilimanjaro, ama kwa baiskeli kupitia Kilema, ama kwa miguu na mahema kupitia Machame, huanza kwa kuuliza bei. Ni swali la haki, ila lisiwe la kwanza. Ulizeni kwanza: mmoja wetu akiugua huko juu, nani atashuka naye?

Horombo, wanakolala waendesha baiskeli, ni mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Barafu hupita mita 4,600. Huko hewa ni haba. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kuyumba ni dalili za maradhi ya mwinuko, na mwanamichezo hodari hana kinga dhidi yake. Hali ikizidi, tiba ni kushuka.

Kikundi chenye mwongozaji mmoja humwachia mgonjwa njia mbili: kushuka peke yake, au kuwarudisha wenzake wote. Wengi, kwa haya na kwa uchungu wa fedha waliyokwisha kulipa, hunyamaza wakaendelea kupanda. Basi idadi ya waongozaji, gharama za uokoaji na marejesho kwa anayeshuka mapema viandikwe katika mkataba. Hesabuni na siku: bei ya chini mno mara nyingi hutokana na kupunguza siku za kuuzoea mwinuko.

Mahema na baiskeli za kukodi zikagueni wenyewe, hasa breki, mkiwa bado mjini. Nakala ya mkataba na stakabadhi muwaachie walio nyumbani.